Chui Aliyeonwa na Wote

Stoo ya matairi iligeuzwa mahabusu kwa sababu hifadhi nzima haikuwa na chumba kingine chenye kufuli la kuaminika. Kimya alikaa juu ya tairi la lori, pingu mikononi, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa kilichokaukia damu. Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo: kukaa mbele ya gari la watalii, macho ardhini, na kumwambia dereva mnyama amepita lini na ameelekea wapi. Jina la Kimya alipewa na wenzake, na alilistahili.

Inspekta alivuta kreti tupu la soda akaketi mbele yake.

"Gari la kukupeleka mjini linakuja leo jioni," alisema. "Likishakuchukua, jalada hili linanitoka mikononi. Huko watasoma kwamba uligombana na shemeji yako, mpishi akasikia ukisema 'nitasema, na ukinizuia utaniona.' Watasoma kofia yako imekutwa ndani ya gari la marehemu. Watasoma hutaki kusema mchana ule ulikuwa wapi. Kijana, kwa hayo watu wamenyongwa."

"Kofia yangu hukaa mle siku zote, mzee. Nafanya kazi mle."

"Najua. Na kiganja?"

"Mwiba."

"Wa mti gani, uliopo wapi?"

Kimya alitazama mlango.

Marehemu alikuwa mwongozaji wa watalii, mume wa dada yake Kimya. Kambi nzima ilimwita Darubini, kwa kuwa alikuwa akimwona duma amelala kwenye nyasi wakati wenzake wanaona nyasi tu. Alikutwa asubuhi kwenye kivuko cha mto mkavu, magharibi ya hifadhi, gari lake limesimama kando, milango wazi. Fisi walikuwa wamewatangulia watu. Mhifadhi mkuu akasema ni tembo, akataka maiti izikwe na kazi iendelee. Lakini daktari wa polisi alilichunguza fuvu, akasema tembo hatembei na chuma.

"Dada yako nilizungumza naye jana," Inspekta alisema. "Nilimwuliza kama anataka kuja kukuona. Unajua alinijibu nini?"

"Usiniambie, mzee."

"Alisema, 'Nilikuwa na mdogo wangu.' Basi. Kama mtu anayemtaja aliyezikwa."

Kimya aliinamisha kichwa. Inspekta alisubiri muda wa kuvuta sigara nzima, kisha akainuka na kufunga mlango mwenyewe.

Nje jua lilikuwa limekaa juu ya mabati kama limelipwa. Koplo wake, mwanamke mrefu asiyeishiwa na maneno, alikuwa ameegemea nguzo akisoma ubao mkubwa wa ramani ulioning'inizwa langoni. Juu yake palikuwa na maandishi ya rangi: YALIYOONEKANA LEO. Kila mwongozaji aliporudi alichomeka pini pale alipokutana na mnyama, ili mgeni anayeingia ajue aende wapi. Pini nyekundu ni simba, buluu ni tembo, na kadhalika. Kwa kawaida wakati huo wa mwaka ubao ungekuwa umejaa kama uso wa mwenye ndui, maana makundi ya nyumbu hufika na mvua za kwanza. Lakini mvua zilikuwa zimechelewa. Nyasi zilizochomwa kiangazi hazijachipua, mbayuwayu walikwisha kuja na kulizunguka anga tupu, na nyumbu hawakuonekana hata ukwato. Ubao mzima ulikuwa na pini chache, tena za twiga na pundamilia.

Isipokuwa mashariki kabisa. Hapo, kwenye mwamba mmoja, pini za njano zilikuwa zimesongamana mpaka zinasukumana.

"Chui na watoto wake," Koplo alisema. "Ndiye anayewalisha wote hapa, afande. Bila yeye wageni wangekuwa wamekwisha kudai nauli."

"Nani alimwona wa kwanza?"

"Marehemu."

Inspekta aliwaita waongozaji, ambao pia ndio madereva, mmoja mmoja kwenye kibaraza cha kantini. Wote walikuwa na wageni mchana wa mauaji, na wageni wao walithibitisha. Aliyekuwa peke yake ni mkuu wao, mtu mzima mwenye ndevu za kuchana na kitana, ambaye walimwita Ndevu mbele na nyuma yake. Huyo alitoka na gari tupu kwenda kutafutia wageni wa kesho yake mahali pazuri.

"Na alikuwa wapi?"

"Kwa chui, afande," alisema dereva mnene, wa kwanza kuhojiwa. "Tulimsikia kwenye redio. Alisema, 'Mama yuko juu ya mwamba, anawanyonyesha.' Sisi tulikuwa tumekwisha kutoka huko asubuhi."

"Nawe ulimwona?"

"Mimi?" Dereva mnene alicheka kama aliyetukanwa. "Afande, mwenye macho haambiwi tazama. Nilimwona na watoto wake wawili."

Dereva wa pili alimwona pia, na watoto watatu. Wa tatu alimwona alfajiri tu, na mtoto alikuwa mmoja lakini mkubwa. Wa nne aliapa kwamba chui huyo ana kovu sikioni. Alipoulizwa sikio gani, alijishika masikio yote mawili kwa zamu, akachagua la kushoto.

"Mlikuwa karibu kiasi gani?"

"Mbali, afande. Kuna mawe meupe yamepangwa. Mnyama mwenye watoto wachanga hasogelewi, ni sheria ya hifadhi. Mawe aliyapanga marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa huruma. Ukifika pale unazima injini, unampa mgeni darubini, unamwonyesha."

"Na mgeni anaona?"

"Wengine mara moja. Wengine unawasaidia kidogo. Unamwambia, tazama ule ufa, kile kivuli, huoni mkia? Mwishowe anaona."

Koplo alifungua mdomo, Inspekta akamkanyaga mguu chini ya meza.

Walipobaki wawili alisema, "Nimehoji mashahidi maisha yangu yote. Watu walioona kitu kimoja hutofautiana kwa rangi ya shati. Hawatofautiani kwa idadi ya watoto. Lete gari."

Mwamba wa mashariki ulisimama peke yake katikati ya uwanda mweusi uliochomwa moto. Majivu yalikuwa laini kama unga. Kila mzunguko wa gurudumu uliyarusha, na walipofika kwenye mawe meupe Land Rover ya polisi ilikuwa imekuwa nyeusi hadi kwenye vioo. Alama za matairi zilikuwa zimelala juu ya alama za matairi, zote zikiishia kwenye mawe. Kutoka hapo hadi mwambani majivu hayakuwa yamekanyagwa na gari hata moja.

Inspekta alishuka na kuvuka mawe kwa miguu.

"Afande! Na kama yupo?"

"Kama yupo, utapiga risasi hewani, nami nitakimbia. Utashangaa mzee anavyokimbia."

Koplo alimfuata na bunduki. Alikuwa akitembea kama mtu anayepita msikitini na viatu. Inspekta yeye aliinama, akisoma majivu. Kulikuwa na nyayo za kanga, za sungura, za ndege mdogo asiyemjua. Alizunguka mwamba mzima na hakuona unyayo wa mnyama wa makucha unaozidi ukubwa wa kikombe. Mvua haikuwa imeyagusa majivu yale tangu siku ya moto. Kama mama chui angepita hapo kwenda kuwinda na kurudi, hata kwa siku moja, angekuwa ameandika habari zake zote.

Kisha alitazama juu. Juu ya mwamba, palepale palipokuwa pakionyeshwa wageni, pimbi walikuwa wameanikwa juani kama nguo. Wazee kwa watoto, matumbo juu ya jiwe la moto, wengine wamelala usingizi wa kweli. Mmoja alimtazama Inspekta, akapiga miayo.

"Koplo, pimbi ni nini kwa chui?"

"Kitafunwa, afande. Chakula cha kwanza kabla ya swala."

"Wewe ungelaza watoto wako mlangoni pa mchinjaji?"

Ule ufa wa pango ulikuwa umefunikwa na utando wa buibui, mkubwa na mzee, umebeba vumbi na mabawa ya wadudu waliokwisha kukauka. Inspekta hakuugusa. Alimwambia Koplo aupige picha, naye akaketi juu ya jiwe, akafuta jasho.

"Wenyewe husema lisemwalo lipo, kama halipo li njiani," alisema. "Huyu hayupo, na hata njiani hayupo. Hakuna chui hapa, wala hajawahi kuwapo."

"Lakini wote wamemwona!"

"Kila mmoja alikuja, hakuona kitu, akasikia mwenzake ameona. Akadhani kasoro ni ya macho yake. Mwongozaji anayekiri hakuona atapewa wageni gani kesho? Bora lawama kuliko fedheha. Basi naye akachomeka pini." Aliyatazama mawe meupe. "Lakini Darubini hakukosea. Huyo aliwatungia chui kwa makusudi, akawapangia na mawe wasisogee. Mtu akiwavuta watu wote mashariki, Koplo, ni kwamba hataki waende wapi?"

Koplo alitazama upande jua linakoshukia.

Kimya hakuwa amehama juu ya tairi lake. Safari hii Inspekta hakuketi, alifungua pingu kwanza, akaziweka mfukoni.

"Nimetoka kwa chui," alisema. "Nimekutana na pimbi."

Kimya aliinua macho.

"Sikuulizi magharibi kuna nini. Nakuuliza jambo moja tu nililokwisha kulijua. Chui yule yupo?"

Kimya alijikuna kitambaa cha kiganja muda mrefu. "Hayupo."

"Nani alimzaa?"

"Shemeji. Mimi nilibeba mawe." Alipoanza kusema, maneno yalimtoka kwa shida, kama maji ya bomba lililofungwa mwaka mzima. "Tuliona unyayo magharibi, mzee. Wa mama na mtoto. Huku tulidhani wamekwisha wote. Shemeji akasema, tukimpeleka ubaoni, watalii watafika kesho na wawindaji watafika keshokutwa. Habari za ubao huu zinatoka nje, tumeona. Simba yule mkubwa alichomekewa pini, hakumaliza wiki. Basi tukawapa chui."

"Na ugomvi?"

"Mimi nilitaka nimwambie mhifadhi mkuu. Niliogopa, kitu kikubwa kile, watu wawili wadogo. Yeye akasema ofisini kuna mdomo unaovuja na hajajua ni wa nani. Ndiyo nikamwambia nitasema. Sikusema."

"Mchana ule ulikuwa naye yule mama."

Kimya aligeuza kiganja, akakitazama.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungeandika, mzee. Kikiandikwa kinasomwa. Kinapita mikono mingapi mpaka kifike kwa hakimu?"

Inspekta aliufikiria mlolongo wa mikono hiyo. "Ndevu alijua kama chui ni wa uongo?"

"Angejua asingekuwa anamwona kila jioni. Akirudi anasimulia kantini, mama kafanya hivi, watoto wamefanya vile. Shemeji alikuwa anatoka nje kwenda kucheka."

Gari la Ndevu lilikuwa limeegeshwa chini ya banda pamoja na mengine. Yote yalikuwa meusi kwa majivu hadi kwenye milango. Lake lilikuwa jeupe kama jino la mtoto. Kwenye ukuta wa banda palikuwa na tangazo la mhifadhi mkuu: kisima kimeshuka, ni marufuku kuosha gari lolote mpaka mvua inyeshe.

"Kaa na gari hili," Inspekta alimwambia Koplo. "Ligeuze ndani nje. Kila chuma."

Ndevu alimpokea ofisini kwake, akamvutia kiti, akammiminia maji kwenye glasi. Alikuwa mtu wa adabu, sauti yake ya kusomea habari.

"Karibu sana, afande. Msiba huu umetuvunja. Jana nilikwenda kwa mjane, nikakaa naye. Lakini ndiyo hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji mtu!"

"Dunia hii," Inspekta alisema. "Mimi nimekuja kwa jambo dogo tu la kujaza karatasi. Mchana ule ulikuwa kwa chui."

"Naam. Nilitangaza kwenye redio, wote walinisikia."

"Nakuonea wivu. Karibu nastaafu na sijapata kumwona chui kwa macho yangu. Nisimulie."

Ndevu alitabasamu, akachana ndevu kwa vidole. Alisimulia vizuri, ukweli usemwe. Mama alikuwa amelala juu ya mwamba, mkono mmoja umening'inia. Watoto wawili, mmoja mchokozi anauvuta mkia wa mama, mwenzake mwoga. Mama akawalamba, akawaingiza pangoni jua lilipokuwa linazama, naye Ndevu akageuza gari akarudi.

"Waliingia kwenye ule ufa wa kati?"

"Huohuo."

"Wote watatu?"

"Wote watatu, afande. Mama alikuwa wa mwisho."

"Nimetoka huko. Mlango wa ufa ule una utando wa buibui mkubwa kama chandarua. Wa zamani. Mama na watoto wawili walipitaje bila kuukata?"

Ndevu aliishika glasi yake, hakunywa.

"Pimbi wanalala juu ya mwamba na vitoto vyao," Inspekta aliendelea kwa sauti ileile. "Majivu hayana unyayo wa chui. Hakuna chui. Marehemu aliwatungia, nanyi nyote mkamwona."

Uso wa Ndevu ulibadilika taratibu, lakini si kwa hofu. Ulikuwa uso wa mtu anayesoma barua iliyoandikwa zamani.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo."

"Mimi nilidhani ni macho yangu." Alijikaza, akarudisha sauti yake ya habari. "Sawa, afande. Nimedanganya kama wenzangu. Uongo wa kazi. Macho yangu yamepungua na mkuu wa waongozaji hawezi kusema haoni. Hiyo ni aibu, si mauaji. Wadanganyifu wako wengi hapa, utawafunga wote?"

"Wenzako walikuwa na wageni garini. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilizunguka tu. Nilipumzika kwenye kivuli."

"Mashariki?"

"Mashariki, ndiyo."

"Kwenye majivu. Kisha ukaja ukaosha gari kwa maji ambayo hata kunywa hayatoshi."

"Mimi napenda usafi."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Koplo aliingia na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti, akakilaza mezani, akalifunua gazeti. Ulikuwa mpini wa jeki, chuma cha mkono mzima, umepakwa grisi nyingi kuliko inavyohitajika.

"Kila gari hapa lina rangi yake ya alama, afande," Koplo alisema. "Vifaa vyake vyote vimepakwa rangi hiyo ili visiibiwe. Alama ya gari la mkuu ni kijani. Jeki yake ni ya kijani, spana ni za kijani. Huu mpini umekwanguliwa, lakini tazama hapa kwenye mfuo." Alipangusa grisi kwa kidole gumba. Chini yake mstari mwembamba wa rangi ulitokeza, wa machungwa. "Machungwa ni gari la marehemu. Na gari la marehemu halina mpini."

"Fundi wa lango anakagua vifaa kila asubuhi," Inspekta alisema. "Gari lisilo na mpini halitoki, na anauliza kwa nini. Mpini wako ulikuwa na damu, ukautupa. Ukahitaji mwingine, na mwingine ulikuwa palepale kivukoni, kwenye gari la mtu asiyeuhitaji tena. Wako uliutupa wapi?"

Ndevu alikaa akiitazama rangi ile. Alipozungumza, adabu yake ilikuwa bado nzima, ila sauti ilikuwa imeshuka hadi ya mzee wa kawaida.

"Kisimani. Kile kikavu, cha magharibi."

"Koplo, andika. Kwa nini?"

"Wawindaji walitaka kujua mnyama anakunywa wapi. Basi. Mimi sijawahi kushika bunduki, afande. Nasema tu. Niliona tope jekundu kwenye matairi yake, na mashariki hakuna tope jekundu. Nikajua amepata kitu. Nikamfuata kivukoni. Nikamwuliza kwa upole."

"Kwa upole wa chuma."

"Kwanza kwa upole! Nilimwambia, mdogo wangu, tugawane, dunia yenyewe hii mvua hainyeshi. Nikamwambia kwamba nimekwisha kutangaza redioni niko kwa chui, hakuna atakayejua tumeonana." Ndevu alifuta mdomo. "Akacheka. Alianza kucheka, afande, akashindwa kuacha. Akaniambia, 'Nenda basi, nenda ukamtazame chui wako.' Akajishika mbavu. Mimi sikuelewa anachekea nini. Niliona ananidharau. Mtu niliyemfundisha kazi! Nilimpiga kwanza gotini, nikamwuliza tena. Akawa analia na kucheka pamoja."

"Alikwambia?"

"Hakusema. Nilimwuliza mpaka mwisho." Aliinua macho kwa Inspekta, na mlikuwa na jambo kama malalamiko ndani yake. "Nimeelewa sasa hivi tu. Hapa kitini."

Koplo alimfunga pingu zilezile zilizokuwa za Kimya, na gari la mjini lilipofika halikuondoka tupu.

Kabla ya kuifungua stoo, Koplo alisimama na kalamu juu ya jalada.

"Afande, hapa kuna nafasi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa wapi mchana ule. Lazima ijazwe."

"Andika alikuwa kazini."

"Kazini wapi?"

"Hifadhini. Ni kubwa, inatosha."

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa safu moja ya vyumba viwili viwili nyuma ya karakana. Mjane alikuwa ameketi mkekani, akikunja sare za mumewe. Alimwona Inspekta mlangoni, kisha akamwona aliyesimama nyuma yake, akaendelea kukunja.

"Mama, nimemleta mdogo wako," Inspekta alisema. "Hakufanya. Aliyefanya tumemkamata, na amekiri. Ni mkuu wa waongozaji."

Mikono ya mjane ilisimama. "Yule aliyekuja kunipa pole?"

"Huyo."

"Alikaa kwenye kiti hicho. Alimtaja mume wangu akatoa machozi. Nikamfariji mimi!" Alikitazama kiti. Kisha kwa mara ya kwanza akamtazama nduguye. "Na wewe, kama hukufanya, ulinyamazia nini?"

"Dada..."

"Nakuuliza."

"Kuna kifaru kule magharibi. Ana mtoto. Mimi na shemeji tuliapa hatutamwambia mtu, na siku ile mimi nilikuwa kule. Ningesema nilikokuwa, wangejua alipo."

"Kifaru."

"Dada, wamekwisha. Huyo ndiye..."

"Subiri nielewe." Hakupandisha sauti. "Mimi nimekubeba mgongoni. Nimekaa humu nikiamini uliyebebwa mgongoni kwangu umeniulia mume. Nilipiga magoti hapo, palepale uliposimama, nikamwomba Mungu wakunyonge. Niliomba kwa moyo wote. Na wewe kule ulijua neno moja ambalo lingenitoa humo, ukaona bora nibaki."

Kimya alitazama sakafu pale aliposimama.

"Naye mwenzako," mjane alisema, akishika sare kifuani, "alikuwa anarudi hapa jioni anacheka peke yake. Namwuliza, baba, unacheka nini? Ananiambia, mambo ya kazini. Nacheka naye, kama mjinga. Yule mnyama mlimwamini. Angewaona angewaua, lakini mlimwamini. Mimi hapana."

"Shemeji alitaka usiwe na la kuulizwa, dada. Alikuwa anakukinga."

"Amenikinga. Tazama nilivyokingika."

Inspekta aliivua kofia, akageuka atoke. Alifikiri mwanamke atafunga mlango. Badala yake mjane aliweka sare chini, akaenda kona palipokuwa na jiko, akapakua wali na maharage kwenye sahani ya bati, akaisukuma mkekani mbele ya nduguye.

"Kaa ule," alisema. "Hujala tangu walipokufunga, naona shingo hiyo. Ukimaliza, nenda. Usirudi hapa mpaka nikuite."

"Utaniita lini?"

"Sijui. Inaweza ikawa kamwe. Kula."

Kimya aliketi. Alikula kwa mkono uliofungwa kitambaa, kichwa chini, bila kuacha punje, na dada yake akasimama juu yake mpaka alipomaliza, ili aichukue sahani.